Peti wa Free Fire: Angalia Anachofanya Akiwa Mchanga Kabla Hujatoa Daimondi

Malalamiko ninayopata kuhusu peti wa Free Fire, wale wanyama wanaofuatana na mchezaji kwenye gemu hiyo ya kupigana kwa bunduki, yanafanana sana. Mtu amejinyima wiki nzima, amenunua daimondi, yaani sarafu ya gemu, amemchukua peti aliyemwona kwenye video ya mchezaji maarufu, kisha anaingia mechi na haoni tofauti yoyote. Anaandika kwa hasira kwamba Garena, wenye gemu, wamemuuzia takataka. Peti si takataka. Bado ni mchanga, yaani hajakua, na hakuna aliyemwambia mnunuzi.

Orodha nyingi za peti bora hulipita jambo hili, wakati kwangu ndilo la kwanza. Peti ana levo 7, na ujuzi wake una hatua tatu. Anayekutengenezea video anakuonyesha hatua ya tatu, kwa sababu yeye alishamkuza zamani. Wewe dukani unakabidhiwa hatua ya kwanza. Mtazame Detective Panda: kila unapoua adui anakurudishia uhai, pointi 10 akiwa amekomaa, lakini 4 tu akiwa mchanga. Mchezaji ana uhai wa 200, na pointi nne hazimalizi hata mkwaruzo wa risasi moja. Night Panther naye anasifiwa kwa kuongeza nafasi 45 kwenye begi. Anaanza na 15. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia kwa chakula na kwa muda wako, na kwenye bei ya dukani haionekani popote.

Kwa hiyo sitazungumzia sura, wala rangi, wala jinsi anavyocheza lobi, pale mnaposubiri mechi ianze. Ninauliza mambo mawili: siku ya kwanza atanifaa kwa kitu gani, na pengo kati ya uchanga na ukomavu wake ni kubwa kiasi gani? Tarakimu ninazotaja hapa ni za ujuzi kama nilivyouzoea. Garena huzirekebisha kwenye masasisho, kwa hiyo soma maelezo ndani ya gemu kabla ya kulipa.

Namba moja ni Mr. Waggor, na sioni aibu kumpendelea. Ukiondoa bunduki, kitu kinachokuokoa mara nyingi kuliko vyote katika Free Fire ni ukuta wa gloo, kinga unayoisimamisha mbele yako papo hapo. Umemiminiwa risasi katikati ya jangwa la Kalahari, mojawapo ya ramani za gemu, hakuna mti wala nyumba, gloo zimekwisha: hapo umekufa. Huyu pengwini akiwa mchanga kabisa anakutengenezea gloo moja kila sekunde 120 ukiwa huna hata moja. Akikomaa, anatengeneza moja kila sekunde 100 ukiwa na pungufu ya mbili. Linganisha hatua hizo. Pengo ni dogo! Waggor wa siku ya kwanza anafanya kazi ileile ya Waggor wa levo 7, polepole kidogo tu. Hakuna peti mwingine ninayemjua anayekupa thamani mapema namna hiyo. Ila usiwe bahili wa gloo ukiwa naye, maana ukizirundika begini yeye anakaa tu bila kazi. Tumia, atatengeneza nyingine.

Wa pili ni Falco, lakini kwa masharti. Anaongeza kasi ya kuteleza angani mnaporuka kutoka kwenye ndege, kutoka asilimia 15 mwanzoni hadi 45 mwishoni. Mkitaka kutua Peak, eneo la ramani ya Bermuda, kabla ya skwadi nyingine kuzoa silaha, kasi hiyo ni uhai. Faida yake inaifikia timu nzima na haijumlishwi, maana yake Falco wawili kwenye skwadi moja hawawapi zaidi ya mmoja. Naona skwadi za marafiki ambao kila mmoja ametoa daimondi kumnunua, na naumia. Kubalianeni mmoja amlee hadi akomae, wengine wachukue peti tofauti. Na kama wewe ni mchezaji wa Clash Squad, ile mechi ya raundi fupi kati ya timu mbili, mwache kabisa. Kule hakuna kuruka kutoka ndegeni, kwa hiyo Falco hana la kufanya mechi nzima. Wanaouza hawakwambii.

Ottero ninamweka wa tatu, na ni kwa wanaocheza na mhusika anayeitwa K. Ukitumia medikiti, Ottero anakupa EP, pointi za akiba zinazogeuka uhai taratibu, kulingana na uhai uliorudishwa: asilimia 35 akiwa mchanga, 65 akikomaa. Medikiti inarudisha uhai 75, kwa hiyo mwanzoni unapata EP kama 26 na mwishoni karibu 49. K naye anageuza EP kuwa uhai kwa haraka, ndiyo maana wawili hawa wanaendana. Huna K? Bado anasaidia, ila usimpe nafasi ya kwanza.

Kisha Rockie, ambaye video zinamsifu kupita kiasi. Anapunguza muda wa kusubiri ujuzi wa mhusika wako, asilimia 15 akikomaa. Chukua ujuzi unaosubiriwa sekunde 45: Rockie aliyekomaa anakuokolea karibu sekunde saba, na hizo zinaweza kuamua pambano. Lakini Rockie mchanga anapunguza asilimia 6, yaani chini ya sekunde tatu, na katikati ya risasi huwezi kuzihisi. Mnunue kama uko tayari kumlea. Ukitaka msaada kesho asubuhi, si yeye.

Beaston anafaa kwa mrusha mabomu. Poring, aliyetoka kwenye gemu ya Ragnarok, anatunza fulana na kofia, na mchezaji anayekaa muda mrefu kwenye Battle Royale, ile mechi ya kubaki wa mwisho, atamshukuru. Kitty na Mechanical Pup ni wa bei nafuu na hawana ujuzi wowote. Ukiwapenda, wachukue kwa mapenzi.

Sasa malezi. Peti hupata uzoefu kwa kuwa nawe kwenye mechi, na kwa chakula cha peti ambacho hutolewa kwenye misheni na matukio. Kosa ninaloliona kila siku ni kugawa: leo Panda, kesho Ottero, keshokutwa Falco, kila mmoja anapewa kipande. Ni kufuga kuku watano kwa punje za kuku mmoja. Wote wanabaki vifaranga. Chagua mmoja, ingia naye kila mechi, hata zile za kujifurahisha, na chakula chote kiende kwake hadi levo 7. Peti ambaye hujamvaa hapati kitu, hata kama unacheza usiku kucha.

Na hawa wauza daimondi wa mitaani, lazima niseme. Wachezaji wengi ni vijana wasio na kadi ya benki, na wakala analijua hilo. Tukio likitangazwa, bei yake inapanda siku hiyohiyo, ingawa kule anakonunua haikupanda. Hilo ni la biashara, nalikasirikia lakini nalielewa. Lisilovumilika ni la kuomba paswedi. Mmoja aliniambia bila kupepesa macho kwamba daimondi "haziingii" bila paswedi ya akaunti. Si kweli. Kuweka daimondi kwa njia rasmi kunahitaji namba ya mchezaji tu, ile iliyo kwenye wasifu wako. Anayetaka zaidi ya hiyo anataka akaunti yako. Wakenya wana njia rahisi zaidi, kwa kuwa Google Play inapokea malipo ya M-Pesa, basi hawana haja ya kumpitia mtu.

Wapo pia wanaouza akaunti nzima zenye "peti wote levo 7". Kanuni za Garena zinakataza, na akaunti imeunganishwa na Facebook au Google ya mwenye nayo wa kwanza. Siku akiamua kuirudisha, anairudisha, na pesa yako haina pa kudaiwa. Nimesoma ujumbe wa mtoto aliyepoteza hela ya likizo nzima kwa njia hii, na muuzaji bado anatangaza akaunti kila wiki kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kama unaweza kuvumilia, subiri Mystery Shop, duka la punguzo linalofunguliwa kwa muda ndani ya gemu, ambako punguzo linaweza kufika asilimia 90, au yale matukio ya kuweka daimondi ambayo humtoa peti kama zawadi. Waggor akiwamo, mchukue yeye kwanza. Ukibakiwa na daimondi, tafuta chakula chake, usinunue peti wa pili.