Bango la Kombe la Dunia 2026: elfu tano yangu imekwenda kwenye jedwali hili

Wadau, habari zenu! Leo tuko hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nimeshika bango la Kombe la Dunia 2026. Timu 48, makundi 12, mechi 104, hayo mmeshayasikia redioni, siyarudii. Kamera isogee hapa kona ya chini. Hapo hapo, tulia.

Mnaliona hili jedwali? Ni nafasi za kila shirikisho. Someni na mimi: Ulaya 16, Afrika 9, Asia 8, Amerika Kusini 6, Amerika Kaskazini 6 wakiwemo wenyeji watatu, Oceania 1, na mbili za mchujo wa mwisho. Sasa tazama safu ya pembeni, idadi ya wanachama. UEFA, yaani Ulaya, 55; CAF, yaani sisi Afrika, 54. Jamani! Wanachama tunapishana mmoja, nafasi tunapishana saba! Amerika Kusini wako 10 tu, na sita wanaingia moja kwa moja. Halafu kwenye mkutano mkuu wa FIFA kila nchi ina kura moja, Tanzania sawa na Brazil. Kura tunazo, kwa hiyo hili ni jambo la viongozi wetu kulisimamia.

Mstari wa chini unasema 1966 nchi za Afrika ziligomea mashindano kwa kunyimwa nafasi ya uhakika. 1970 tukapata moja, wakaenda Morocco. 1974 wakaenda jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa hapa, wakiitwa Zaire. Kwa hiyo hizi tisa hatukugawiwa kwa huruma, zimedaiwa!

Kinachoniudhi ni karatasi. Inang'aa mno. Naandika matokeo kwa peni ya kawaida, 2–1, napitisha kidole... ona, wino wote umesambaa. Tumieni maka peni.

Lipo jingine la elfu tatu, limejaa sura za wachezaji, jedwali hakuna. Mimi silichukui. Taifa Stars hatumo safari hii, inauma, ila AFCON 2027 iko kwetu pamoja na Kenya na Uganda, na video ijayo nachambua jezi, kwa hiyo bonyeza kengele.

Hili nimelipa elfu tano. Wakikutajia elfu saba, ondoka taratibu, watakuita.