Montségur, Ufaransa: kupanda kunachosha ila panastahili kabisa

Jamani mkifika kusini mwa Ufaransa kwenye milima ya Pyrenees msipite bila kupanda Montségur. Ngome iko juu ya jabali, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, toka pakingi unapanda kama nusu saa hivi na njia ni mwinuko mtupu, mawe yanateleza hasa mvua ikinyesha kwa hiyo vaa buti, kandambili acha hotelini, na maji beba mwenyewe maana juu hakuna duka.

Kule juu ni kuta tu, paa hakuna, wengine watasema mbona padogo, lakini mimi palinigusa sana kwa ile historia: Wakathari, kundi la Wakristo ambao Kanisa Katoliki liliwaita wazushi, walizingirwa hapa kuanzia 1243, Machi 1244 ngome ikasalimu amri na zaidi ya watu 200 waliogoma kuikana imani yao wakachomwa moto. Chini njiani kuna jiwe la kumbukumbu yao, simama hapo kidogo. Ila mjue tu, kuta mnazoziona leo nyingi zilijengwa baada yao.

Kijijini kuna makumbusho madogo, pitieni. Wenye watoto washikeni mkono, juu upepo mkali. Nyota 5 natoa.