Orodha ya kukagua majeruhi ya Shirika la Afya Duniani: inachokamata na kinachoipita

Ni ukurasa mmoja, haulipiwi, na hauhitaji mashine. Husomwa mara mbili: mara tu uchunguzi wa kwanza (wa kinachoweza kuua upesi) na wa pili (wa mwili mzima) unapokamilika, kisha kabla timu haijamwacha mgonjwa.

Ubora wake uko kwenye awamu ya kwanza. Kosa sugu kwa majeruhi ni kuridhika na jeraha la kwanza: paja limevunjika, mfupa unaonekana, macho yote yako pale, na nyonga inayovuja damu ndani kwa ndani haina wa kuiulizia. Orodha inakutajia pa kutafuta damu ya nje: ngozi ya kichwa, msamba, mgongo (kwa hiyo lazima mgonjwa ageuzwe). Inafuata nyonga, damu ya ndani, halafu mzunguko wa damu na hisia kwenye miguu na mikono yote minne, si kiungo kilichovunjika peke yake. Kwenye njia ya hewa imeweka namba: 8 au chini ya hapo kwa kipimo cha Glasgow, yaani alama za kiwango cha fahamu, fikirieni kama njia ya hewa inahitaji msaada zaidi. Namba haimwogopi bosi.

Awamu ya pili ni nyepesi: chanjo ya pepopunda, dawa za maumivu, antibayotiki. Ila swali la kama vipimo na picha zote zimesomwa msiliruke.

Sasa pengo lake. Hakuna panapouliza kwa nini mtu huyu alianguka. Ananuka pombe, amechanganyikiwa, mtu kashasema "huyu kalewa". Visanduku vyote vitajazwa na dhana hiyo ibaki palepale, tena izidi kukomaa kila zamu inapokabidhiana. Ongezeni mistari miwili kwa kalamu: sukari ya damu ni ngapi (ikishuka, mtu huweza kuonekana kama mlevi)? Kama si hiki tunachodhani, kipi kingine kinaweza kumuua?

Kisanduku cha "haihitajiki" nacho kinajazwa kwa wepesi mno. Anayekijaza aseme sababu.

Asome nesi ambaye hajamshika mgonjwa, kwa sauti, na jibu liwe namba au tendo: "oksijeni 94", si "iko sawa". Ichapisheni kubwa, ibandikwe ukutani kando ya kitanda cha dharura. Ikikaa kwenye faili itajazwa mezani mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini.