Swali la maadili ya uwakili, California: simu ya bure au kuweka wakili?

Kwa gharama, simu ya maadili ambayo State Bar, taasisi inayosimamia mawakili wa California, imewawekea mawakili inashinda: hulipi kitu. Ila haitoi ushauri wa kisheria. Inakuelekeza kwenye kanuni, kesi na maoni yaliyochapishwa, uamuzi ni wako. Uliza kwa mfano wa kubuni, bila majina: "Wakili alimwakilisha muuzaji, sasa mnunuzi anamtaka awe wakili wake." Ukitaja jina la mteja, siri umeshaimwaga. Na State Bar ndiyo hiyohiyo inayoshtaki mawakili.

Wakili wa maadili ni ghali, lakini anasoma faili lenyewe, anaandika maoni, na mazungumzo yenu yanalindwa kama ya wakili na mteja yeyote.

Unapima mgongano wa maslahi kabla ya kupokea kazi? Simu inatosha. Barua ya malalamiko dhidi yako imeshafika? Weka wakili kabla hujaijibu.