Bundi wa Vioo: Naunganisha Focke-Wulf Fw 189

Hebu tazameni hiki kwanza. Nakisogeza karibu na kamera, taratibu, ngoja ishike... hapo. Mnakiona kidole changu upande wa pili? Hadi mistari ya kidole inaonekana! Hii ni plastiki, jamani, na imeviringwa kama ganda la yai, lakini haipindishi kitu unachokiona nyuma yake. Nimeunganisha modeli za ndege miaka kumi na moja sasa, sijawahi kutoa kioo kizuri namna hii kwenye boksi.

Haya, karibuni mezani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Leo tuna Focke-Wulf Fw 189, ndege ya upelelezi ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, skeli ya 1 kwa 48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Kampuni mnaiona kwenye boksi hapo nyuma. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 18.4 ncha hadi ncha, kwa hiyo hapa unapata sentimita 38 na kitu. Pima kabati lako kabla hujaagiza. Idadi ya vipande na mengineyo yako ubavuni mwa boksi, simamisha video usome, maana mimi leo nataka tuongee vioo.

Kwa nini vioo? Kwa sababu ndege hii ni dirisha lililowekewa mabawa. Mwaka 1937 wizara ya anga ya Ujerumani ilitaka ndege ya upelelezi wa karibu, ndege ya kuruka juu ya uwanja wa vita na watu wake waone kila upande. Kampuni ya Arado wakaleta yao, ya injini moja, ya kawaida tu. Blohm & Voss wakaleta BV 141, ile ambayo injini na mkia viko upande mmoja, chumba cha watu kimekaa peke yake upande wa kulia. Nitairudia hiyo, nikumbusheni. Mbunifu Kurt Tank wa Focke-Wulf yeye akachukua injini mbili, nyuma ya kila injini akavuta mkia wake, halafu katikati akaweka chumba cha watu watatu ambacho karibu chote ni vioo. Julai 1938 akapanda akairusha mwenyewe.

Sasa ukiwa chini ukaitazama, unaona mstatili angani. Bawa mbele, mikia miwili pembeni, kibawa cha nyuma kinafunga. Askari wa Kisovieti wakaiita Rama, yaani fremu. Wajerumani waliiita Uhu, na Uhu ni bundi, tena bundi mkubwa. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu. Bundi akilia juu ya paa usiku, bibi halali, anasema kuna habari mbaya njiani. Na wale askari kwenye mahandaki huko Urusi waliiona Rama vivyo hivyo. Yenyewe haikuwa na mabomu ya kutisha, lakini ikishazunguka juu yako na kuondoka, ujue mizinga imeshapewa mahali ulipo.

Kwa hiyo ukiharibu vioo vya modeli hii umeharibu ndege nzima. Injini unaweza kuzifunika, matumbo ya mabawa hayaonekani. Vioo huna pa kuvificha.

Na hapo ndipo nilipokasirika. Nimefungua boksi, nimetoa vipande vyote, nimetikisa na mfuko. Hakuna vibandiko vya kuzibia vioo! Kuna vipande vya shaba vyembamba vya mikanda ya viti, vizuri sana. Kuna stika za maji, zile za alama unazolowesha kabla ya kubandika, safi. Lakini vile vibandiko vilivyokatwa tayari, vya kuzibia kioo wakati wa kupuliza rangi, hamna. Ndege ya vioo, mtu ametoa pesa yote hiyo, halafu kila kidirisha akikate mwenyewe. Nimekaa na jambo hili siku mbili kabla ya kurekodi ili nisiseme maneno makali. Bado naona si sawa.

Basi nikaamua kukata mwenyewe, na sehemu hii nataka muitazame kwa makini, hata kama huna mpango wa kununua ndege hii.

Kioo nimekiosha kwa sabuni ya vyombo, kimekauka. Hii hapa ni vanishi angavu ya maji, inayong'aa. Nakishika kwa kibano pembeni, nachovya chote, natoa polepole. Mnaona lile tone linalojikusanya chini? Usiliache. Gusisha ncha ya karatasi laini, linanyonywa lenyewe. Halafu funika na bakuli. Vumbi likitua sasa hivi litabaki humo milele. Hapa Dar na unyevu huu mimi naacha siku mbili nzima. Ukikigusa baada ya saa tatu utaacha alama ya kidole.

Sasa tepu. Hii ni ile ya manjano ya wanaounganisha modeli, si ile pana ya mafundi rangi, ile inaacha gundi. Nakata kipande kikubwa kuliko kidirisha, nalaza juu. Chukua kijiti cha meno, ikwangue ncha kidogo iwe butu, kisha sugua tepu kuelekea kwenye fito. Fito ndio hivi vyuma vyembamba vinavyogawa kioo na kioo. Sugua, sugua... Mnaona? Fito umejichora wenyewe chini ya tepu, kama sarafu chini ya karatasi ya daftari. Sasa weka taa pembeni, si juu. Taa ya juu inaua kivuli, na kivuli ndicho kinachokuonyesha njia.

Wembe uwe mpya. Mimi natumia kisu cha upasuaji, ncha kali, na nimebadilisha mara nne kwenye chumba hiki kimoja. Usikandamize, uzito wa kisu unatosha. Na hili nimelipata kwa kuharibu vioo vingi: usikate kutoka kona hadi kona kwa mkono mmoja. Anza konani, kata hadi katikati, geuza kipande, anza kona ya pili, kutana katikati. Kisu kikiteleza kitateleza kwenye tepu, hakitavuka fito kwenda kuchana kioo cha jirani. Nanyanyua ukingo... naung'oa... hiyo. Fito uko wazi, kioo kimezibwa. Kimoja hicho. Vilivyobaki vimenimalizia jioni mbili.

Kabla ya kijani cha nje, puliza kwanza rangi ya ndani, kijivu kinachokaribia weusi, kile ambacho Wajerumani wenyewe walikipa namba 66. Inakuwaje? Kioo ni angavu, kwa hiyo mtu akichungulia ndani anaona mgongo wa rangi uliyopuliza kwanza. Ukianza na kijani, rubani wako anakaa ndani ya fito za kijani, na hazikuwa hivyo. Ngoja nigeuze hiki nilichokwisha kupuliza. Nje kijani, ndani kijivu, na brashi haijaingia humo hata mara moja.

Kuhusu gundi, naomba mnisikie. Supaglu isikaribie vioo hivi. Mwaka jana nilimaliza ndege nyingine, nikabandika kioo cha mwisho kwa supaglu, nikafunga, nikalala. Asubuhi ndani kumekuwa na ukungu mweupe, mvuke wa gundi umeganda kwenye kioo, na ndani huwezi kufika tena. Kazi ya miezi miwili. Tumia gundi nyeupe ya seremala. Inakauka ikiwa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Mnaniuliza sana bei, basi naisema. Boksi dola 62, usafiri dola 38, na ushuru hapa nyumbani. Kwa shilingi imevuka laki tatu. Ni nyingi. Kama ndiyo kwanza unaanza, usianze na hii. Kampuni ya ICM ya Ukraine wanayo Fw 189 hii hii ya 1 kwa 72, ndogo na nafuu zaidi. Airfix nao walitoa yao siku nyingi. Kuna ndugu yangu wa Muscat aliuliza kwenye maoni kama aanze na Fieseler Storch, ndege ndogo ya Wajerumani, ile iliyomchukua Mussolini, dikteta wa Italia, kutoka mlima wa Gran Sasso Septemba 1943. Ndiyo ndugu yangu, anza nayo. Ina vioo vingi pia, lakini ina injini moja na mwili mmoja. Mikia miwili ya hii ni mtihani mwingine. Ukigandisha mmoja umepinda milimita moja, kile kibawa cha nyuma hakikai. Mimi nimeibana kwenye ubao wenye mistari usiku kucha.

Na BV 141 sijaisahau! Hobby Boss wanayo kwa 1 kwa 48. Naitaka sana niziweke kabati moja, wagombea wawili wa kazi ile ile. BV 141 zilitengenezwa chache mno, hazikufika thelathini. Fw 189 zilipita 800.

Tangazo fupi: yale mazungumzo yetu ya moja kwa moja ya Jumamosi yamehamia Jumapili saa kumi jioni. Jirani amejaliwa mtoto, na kompresa yangu ya kupulizia rangi usiku inapiga kelele. Hongera kwao.

Mmeuliza nitaipaka rangi na alama za ndege ipi. Nataka ile yenye herufi V7+1H. Ilidunguliwa tarehe 4 Mei 1943 huko Loukhi, kaskazini ya mbali ya Urusi, ndege za kivita za Wasovieti aina ya Hurricane ziliishambulia. Rubani wake, Lothar Mothes, alitoka hai, akatembea porini kama wiki mbili mpaka akawafikia wenzake. Mabaki yalikaa msituni hadi 1991 ndipo yakatolewa, na ndiyo Fw 189 pekee inayojulikana kusalia duniani. Herufi zake hazimo kwenye boksi, nitazikata kwenye tepu nizipulize. Alama ya Nazi ya mkiani siibandiki. Nimeulizwa mara nyingi, jibu langu ni hilo.

Nirudi kwenye hasira yangu. Vibandiko vilitakiwa viwemo, hapo sijabadilika. Ila jana usiku, nikikata kidirisha cha sakafuni, kile kilicho chini ya miguu ya rubani, niliacha kisu nikakaa nakitazama. Chini ya miguu yake hapakuwa na bati, ni kioo, na chini ya kioo ni watu wanaomlenga. Picha nimeona nyingi za ndege hii na jambo hilo halijawahi kunigusa. Lilinigusa nilipolazimika kuufuata kila fito kwa kisu. Kwa hiyo hata kama wangeweka vibandiko, nadhani safari nyingine ningekata tena kwa mkono.

Kasoro moja iliyobaki, ionekane: paa la chumba na mwili haviumani vizuri upande wa kulia, kuna upenyo kama unene wa karatasi mbili. Puti usiweke, itachafua kioo. Nimejaza gundi nyeupe kwa ncha ya sindano, mara tatu, ikauka kila mara.

Haya, tumebakiza tepu moja. Hii ni ncha ya vioo ya nyuma kabisa, yenye umbo la pia, alipokaa mpiga bunduki, ilikuwa inazunguka pamoja na bunduki zake. Nanyanyua kona kwa kijiti, si kwa kisu. Vuta kuelekea nyuma, chini chini, usivute kwenda juu. Inakuja... inakuja... taa, ngoja nisogeze taa.

Tazameni hiyo. Mnaona hadi kiti ndani. Wiki ijayo tunaanza injini.