Durometa ya Shore OO kwa makovu ya moto: baada ya miezi minane ya kuitumia

Nafanya kazi ya fiziotherapia Mwanza, na wagonjwa wangu wengi ni watoto waliomwagikiwa na uji, chai au maji ya kuoga. Kidonda kikifunga, wazazi hudhani yamekwisha. Kumbe kovu ndiyo kwanza linaanza kukakamaa na kuvuta kiungo, na litaendelea hivyo kwa miezi mingi. Miaka yote ugumu huo niliupima kwa vidole: nafinya, nabonyeza, kisha naandika alama kati ya 0 na 5 kwenye sehemu ya ulaini ya Vancouver Scar Scale, fomu ya kupimia makovu kwa alama. Lakini vidole vyangu vya Jumatatu asubuhi na vya Ijumaa jioni havikubaliani, na mwenzangu wa zamu naye ana vyake.

Nikanunua durometa. Ni chombo cha viwandani cha kupima ugumu wa mpira. Kinaenea kiganjani, kina uso wa duara wenye mshale, na chini yake kinachomoza kijipini chenye ncha ya mviringo kinachosukumwa na springi. Kwenye ngozi laini pini huzama na mshale unabaki chini. Kwenye ngozi ngumu pini inarudishwa ndani na mshale unapanda kuelekea 100. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa ngozi wamekuwa wakikitumia kwa wagonjwa wa skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi, kwa hiyo sikuwa nabahatisha.

Durometa za Shore ziko za aina nyingi na kila aina ina herufi yake, kwa hiyo angalia sana herufi kabla ya kulipa. Muuzaji wa kwanza aliniletea Shore A, ambayo ni ya vitu kama matairi. Nilipoiweka mkononi mwangu mshale ulitikisika tu. Ya vitu laini ni OO. Hiyo ilinigharimu laki mbili na nusu pamoja na usafirishaji.

Wiki tatu za kwanza namba zilinichanganya mno, na kosa lilikuwa mkono wangu: nilikuwa nakandamiza. Chombo kinatakiwa kisimame wima na kitue kwa uzito wake chenyewe. Siku hizi namlaza mtoto, naweka taulo lililokunjwa chini ya mkono, nasubiri alegee, napima mara tano mahali pale pale na kuchukua wastani. Mahali penyewe napatunza kwa kuchora ramani ya kovu kwenye karatasi ya nailoni inayoonyesha. Kisha napima mkono mzima, yaani ule usio na kovu, sehemu hiyo hiyo, nipate cha kulinganisha. Juu ya ugoko au vifundo vya vidole usijisumbue, maana mfupa uko karibu mno na utakuwa unaupima huo. Kidonda kibichi usikiguse kabisa.

Kuna bibi anayemleta mjukuu wake wa miaka minne, kovu liko kwenye mkono wa kulia. Siku ya kwanza kovu lilisoma 52, mkono mzima 24. Bibi alikuwa amechoka kumvalisha vazi la kubana kovu, mtoto analia kwa joto. Mwezi wa pili likasoma 45, nikamwonyesha mshale. Akauliza, "Dokta, na nikiongeza kumkanda usiku?" Nikamwambia aongeze. Juzi limesoma 36. Vidole vyangu visingeweza kumwonyesha bibi tofauti ya 52 na 45, na hiyo pekee imenirudishia fedha yangu.

Ila ugumu na mnyumbuko, yaani ngozi kuvutika na kurudi, ni vitu viwili. Kupima mnyumbuko kuna mashine kama Cutometer ya Courage + Khazaka, ya Köln, Ujerumani: inafyonza ngozi kwenye kitundu, mara nyingi cha milimita 2, mwanga unapima imepanda kiasi gani, kisha inaiachia na kuona imerudi kiasi gani. Durometa haiwezi hayo. Mtoto mwingine kovu lake lilishuka hadi 33 nami nikafurahi, kumbe kiwiko kilikuwa kimepoteza nyuzi 10 za kunyooka kwa sababu ya ugwe mwembamba wa kovu pembeni, mahali ambapo sikuwa nimepima. Tangu hapo goniometa, kifaa cha kupima pembe ya kiungo, haikai mbali, na kiungo nakipima kwanza.

Nunua yenye kipande cha mpira cha kukagulia, kilichoandikwa namba ambayo chombo kinatakiwa kusoma. Mimi hukagua kila Jumatatu kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.