Stendi ya Tairi ya Ukutani: Wiki 8 Baadaye, Pini Imeniumbua

Inarekodi? Haya. Mtwara kuchele! Karibuni tena bandani kwangu hapa Shangani, na kabla sijasalimia vizuri, sikilizeni hii.

Mmesikia? Kraa! Hakuna aliyeigusa. Ni tairi nne zimezama zenyewe katikati ya mabomba ya stendi hii, mchana kweupe. Ikifanya hivyo usiku, mama watoto ananiamsha anadhani mwizi. Na mwizi mwenyewe nimemlipa! Shilingi 145,000 Kariakoo, na 8,000 ya mzigo kwenye basi.

Rangi, urefu, boksi limefungwaje, hayo sitapoteza muda, picha zimejaa mtandaoni. Ni vyuma viwili unavifunga ukutani kwa fisha na boliti, mikono miwili inatoka mbele, mabomba mawili yanalala juu yake, tairi zinasimama hapo kama vitabu. Muuzaji anaiita stendi. Mama yangu alipoiona akasema, "Mwanangu, umenunua chanja ya chuma?" Basi humu ndani ni chanja, imeisha hiyo.

Boksi linasema inabeba kilo 130. Mimi nikabeba tairi moja nikaipeleka kwenye mzani wa korosho wa jirani. Kilo 13 na ushee, tairi tupu bila rimu. Nne hazifiki 60. Kwa hiyo mtu asiniambie nimezidisha mzigo.

Mjomba, sogea na kamera. Usichukue kitambi changu, chukua pini. Hapo hapo.

Bomba la mbele linasogezwa kufuata ukubwa wa tairi. Unabonyeza hiki kichwa, unavuta, kinatakiwa kirukie kwenye tundu. Mkono wa kushoto, sikilizeni: tak. Umekamata, vuta, hauendi. Wa kulia... kimya. Narudia. Kimya. Kichwa kinachungulia tu kama kobe, ukitazama juu juu unaapa kimefunga. Sasa nimechora chaki hapa, mstari mmoja umepita kwenye mkono na kwenye bomba. Naweka tairi ya kwanza. Imekaa. Ya pili, imekaa. Ya tatu... mjomba, karibu, karibu zaidi. Mnaiona chaki? Imeanza kuachana. Linatambaa hilo! Ya nne hii hapa mkononi, naiweka taratibu kama mayai...

Kraa.

Juzi niliifungua hiyo pini. Ndani kuna springi ya waya mwembamba hauna hata rangi, umeota kutu kama ndoana iliyosahaulika ufukweni. Wiki 8 tu za upepo wa bahari! Dodoma huko labda ungedumu. Aliyebuni hii kitu hajawahi kulala Shangani hata siku moja.

Na hapa ndipo wenzangu wa Dar wananikera. Boksi linafunguliwa, chuma kinagongwagongwa, nyota tano. Mmoja aliisifu chanja hii hii na juu yake aliweka begi. Begi! Chanja inachambuliwa ikishalala na mzigo, bwana.

Mtaniuliza, tairi zote hizi za nini na huku hatuna theluji. RAV4 yangu ina seti mbili. Moja ya lami, naenda nayo Lindi, naenda nayo Dar. Hizi zenye meno ni za shambani Tandahimba, kuanzia msimu wa korosho, Oktoba hivi, mpaka mvua zikatike, maana ule mchanga ukikauka unameza gari na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Fundi tairi ananibadilishia kwenye rimu zile zile. Zilizovuliwa zilikuwa zinakaa nyuma ya jiko, zimelaliana. Ya chini ikabonyea, za juu jua likazipasua mashavu, halafu mvua moja tu zikageuka visima. Yule mbu wa mchana mwenye madoa meupe, anayeleta dengi, maji ya kwenye tairi kwake ni hoteli. Shemeji yangu akawa ananiuliza, "Shem, hao mbu unawafuga?"

Sasa nazifanyia hivi. Naziosha, nazikausha, naziingiza kwenye mifuko myeusi. Tairi tupu inasimama, na kila mwezi naizungusha kidogo isikalie upande mmoja. Yenye rimu inalala au inatundikwa, ndiyo maana spea na zile mbili za Noah ya shemeji ziko pale chini juu ya ubao, hazipandi hapa. Petroli na oili mbali. Jenereta pia nimelihamisha, kwa sababu majenereta, mota za umeme na mashine za kuchomelea zinatoa ozoni, aina ya gesi, na ozoni inaupasua mpira.

Na someni namba jamani. Tarakimu 4 mwisho wa mstari wenye herufi DOT, hapa kwenye shavu la tairi. Hii: 3817. Imetengenezwa wiki ya 38, mwaka 2017. Niliuziwa mwaka jana kwa bei ya mpya, na mimi nikatabasamu nikalipa. Hiyo nitaifanyia video moyo ukipoa.

Turudi kwenye chanja. Nimemuuliza fundi wa kuchomelea kule Chikongola, kunitengenezea yote kwa skwea paipu na redioksaidi juu, ile rangi ya kuzuia kutu, ananitajia 80,000. Sasa ile 65,000 ya ziada nimelipia nini? Pini? Ingawa... tuseme kweli. Mabomba yenyewe hayana mkwaruzo. Ukutani haijacheza hata nukta. Na sakafu imeachia, sasa nafungua mlango wa gari mpaka mwisho, zamani nilikuwa natoka kiubavu kama kaa. Nikisema ni takataka nitakuwa mwongo. Ingekuwa 90,000 ningewaambia nunueni, pini mtupe.

Yule fundi kanitobolea mikono yote miwili ya chanja, kanipa boliti mbili na nati zake badala ya pini, jumla 4,000. Tunafunga sasa hivi mbele yenu. Spana... siyo hiyo, mjomba, ya 13. Ehee. Na kipaza sauti hiki kipya ni michango yenu, asanteni sana, ndiyo maana leo kraa imewafikia safi. Ambaye hajajiunga na chaneli ajiunge wakati nakaza hii.

Haya. Moja. Mbili. Tatu, chaki bado imeungana. Nne. Natikisa. Natikisa kwa nguvu. Wewe unataka kuning'inia? Thubutu, dada ataniua!

Nyamazeni kidogo wote. Mmesikia kitu?

Na mimi sijasikia.